Vituo vya data vinakula umeme kiasi gani hasa?

Kila akili mnemba inapotajwa redioni au kwenye kundi la WhatsApp, kauli mbili hupishana. Ya kwanza inasema kompyuta zinazoendesha ChatGPT na wenzake zitaumaliza umeme wa dunia. Ya pili, inayopendwa na watu wa kampuni za teknolojia, inasema vituo vyote vya data duniani vikijumlishwa havifikishi hata asilimia 2 ya umeme unaotumika, sasa kelele za nini? Anayezisikia zote mbili hudhani lazima mmoja awe mwongo.

Si lazima. Hesabu ya kauli ya pili ni sahihi, na hofu ya kauli ya kwanza ina msingi kwa watu wanaoishi mahali fulani. Kinachokosekana katikati ni swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: umeme huo unatumikia wapi?

Tuanze na maneno yenyewe. Kituo cha data ni jengo lililojaa kompyuta zisizo na kioo wala kibodi. Zinaitwa seva, hupangwa kwenye makabati marefu ya chuma na hufanya kazi usiku na mchana. Muamala wa simu unaoufanya dukani, picha unazohifadhi kwenye wingu, video unayoitazama kitandani, swali unaloiuliza akili mnemba: vyote huchakatwa ndani ya jengo la namna hiyo. Tanzania ina kituo cha taifa Kijitonyama, Dar es Salaam. Kenya ina kadhaa Nairobi, na vingine Mombasa, mikonga ya intaneti inakotokea baharini. Vyetu vingi ni vya megawati chache. Vinavyojengwa Marekani sasa huhesabiwa kwa mamia ya megawati, na hapo ndipo watu huanza kupotea.

Megawati si uniti. Uniti unayonunua kwa LUKU, au kwa tokeni ukiwa Kenya, ni kiasi cha umeme uliokwisha kutumika: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Wati, kilowati na megawati ni kasi ya ulaji. Pasi inakula kwa kasi ya kilowati moja, na megawati moja ni pasi elfu moja zinazowaka kwa pamoja. Mwandishi akisema kituo "kinatumia megawati 100 kwa mwaka", jua kachanganya mambo mawili. Kituo cha megawati 100 kikifanya kazi kwa ukomo wake kinakula uniti 100,000 kila saa, milioni 2.4 kwa siku, milioni 72 kwa mwezi.

Milioni 72 ni nyingi kiasi gani? Nchini Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani aliye kwenye kundi la bei nafuu hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Gawanya, utapata kaya 960,000. Kituo kimoja, kaya karibu milioni moja zinazotumia kiwango chao chote. Ni kweli kwamba kituo hakikai kwenye ukomo wake muda wote, lakini tofauti na nyumba zetu ambazo hupunguza matumizi watu wakilala, chenyewe hakilali.

Kuhusu jumla ya dunia, Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilitoa ripoti Aprili 2025. Lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vilitumia uniti bilioni 415, yaani takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Wataalamu huandika terawati-saa 415, nami nitabaki na uniti bilioni kwa sababu ni kitu kilekile. Kenya nzima, viwanda na majumba, huhitaji takriban uniti bilioni 14 kwa mwaka. Makadirio ya shirika hilo ni kwamba kufikia 2030 vituo hivyo vitatumia uniti bilioni 945, zaidi kidogo ya matumizi ya sasa ya Japani yote. Hata hapo, kwenye jumla ya dunia, itakuwa chini kidogo ya asilimia 3.

Umeme huo hauishii kwenye kompyuta peke yake. Seva hufanya kazi, kazi huzaa joto, na joto lisipoondolewa mitambo huungua. Katika kituo cha kisasa seva huchukua kama asilimia 60, na vifaa vya kuhifadhia na vya mtandao huchukua sehemu ndogo. Upozaji unaweza kuwa asilimia 7 tu kwenye kituo kikubwa kilichobuniwa vizuri, au kupita asilimia 30 kwenye chumba cha seva cha taasisi kilichopachikwa kiyoyozi kama cha ofisini. Mwaka 2007, wastani wa vituo vilivyohojiwa ulikuwa kwamba kila uniti iliyofika kwenye kompyuta ilisindikizwa na nyingine moja na nusu iliyoishia kwenye upozaji, taa na upotevu. Leo inayosindikiza ni kama nusu uniti na ushee, na kwa vituo bora vya Google haifiki sehemu moja ya kumi. Ni mafanikio makubwa, ila yana mwisho: huwezi kushuka chini ya sifuri. Wastani huo haujasogea sana kwa karibu miaka kumi.

Ubashiri wa zamani uliogonga mwamba

Wanaotuliza watu wana hoja yenye nguvu, na ni haki isikike yote. Mwaka 1999 Peter Huber na Mark Mills waliandika katika jarida la Forbes kwamba kompyuta na intaneti zingekula nusu ya umeme wa Marekani ndani ya muongo mmoja hivi, kwa hiyo wachimba makaa ya mawe wajiandae. Makala ile ilinukuliwa bungeni na kwenye masoko ya hisa. Mtafiti Jonathan Koomey na wenzake katika maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley walizipitia hesabu zake na kuonyesha kwamba zilikuwa zimetiwa chumvi mara kadhaa. Muongo ukapita, nusu haikufika.

Kilichofuata kilikuwa cha kushangaza zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha kwamba kati ya 2010 na 2018 kazi iliyofanywa na vituo vya data duniani iliongezeka kwa asilimia 550, na umeme uliotumika ukaongezeka kwa asilimia 6 tu.

Iliwezekanaje? Fikiria daladala zilizojipanga stendi, kila moja ina abiria wawili watatu na zote zimewasha injini. Ndivyo zilivyokuwa seva za kila benki, kila wizara, kila kampuni: mashine ya mtu binafsi, inalala kwa sehemu kubwa ya siku lakini inakunywa umeme karibu sawa na inayofanya kazi. Kampuni za wingu zilikuja na mabasi makubwa, zikawahamishia humo abiria wote, zikazima zile injini. Abiria waliongezeka, mafuta yakabaki palepale. Ongeza seva mpya zilizofanya kazi zaidi kwa kila wati na upozaji bora, ndipo unapata ile asilimia 6.

Tatizo ni kwamba abiria huhamishwa mara moja tu. Wengi wao sasa wamo tayari ndani ya mabasi makubwa, na zile injini za kuzima zimebaki chache.

Maabara ileile ya Lawrence Berkeley, ambayo zamani ndiyo iliyowatuliza watu, ilitoa ripoti nyingine Desemba 2024. Vituo vya Marekani vilitumia uniti bilioni 58 mwaka 2014. Mwaka 2023 vilitumia bilioni 176, sawa na asilimia 4.4 ya umeme wa nchi hiyo. Kwa 2028 maabara hiyo inakadiria kati ya bilioni 325 na 580. Tazama upana wa makadirio hayo: tofauti ya juu na chini inazidi matumizi yote ya 2023. Watafiti makini wanaposhindwa kubana zaidi ya hapo, mtu anayekutajia namba moja kamili ya mwaka 2035 anakuuzia kitu.

Kilichobadilika

Jibu fupi ni chipu, kile kijibati kinachofanya mahesabu ndani ya kompyuta. Seva ya kawaida ilitumia chipu ambazo kabati zima lingekula kilowati 5 hadi 10. Akili mnemba huendeshwa na chipu za aina nyingine, zilizoanza maisha yao kwenye michezo ya video, ambazo hufanya mahesabu maelfu kwa wakati mmoja. Chipu ya H100 ya kampuni ya Nvidia pekee hula hadi wati 700, zaidi ya theluthi mbili ya ile pasi yetu. Nane huwekwa ndani ya seva moja. Kabati jipya la kampuni hiyo, lenye chipu 72, hula kilowati 120 hivi, na joto lake ni kali kiasi kwamba feni haziliwezi tena. Lazima kimiminika kipite ndani ya mabomba hadi kwenye chipu zenyewe.

IEA inakadiria kwamba hadi 2030 umeme wa seva za aina hii utakua kwa asilimia 30 kila mwaka, na ule wa seva za kawaida kwa asilimia 9. Soma tena namba ya pili. Hata bila akili mnemba ulaji ungepanda, kwa sababu benki, video na biashara za mtandaoni nazo hazijasimama. Kuibebesha ChatGPT lawama zote ni rahisi, lakini ni karibu nusu tu ya ongezeko linalotarajiwa.

Na swali moja kwa akili mnemba je? Hapa uvumi umekuwa mwingi kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2023 ilisambaa hesabu kwamba swali moja hula takriban wati-saa 3 (uniti moja ni wati-saa 1,000), mara kumi ya utafutaji wa Google. Ilikuwa ni makadirio ya mtafiti aliyetazama kutoka nje, kwa mitambo ya wakati ule, na ile namba ya Google aliyolinganisha nayo ilikuwa imetolewa na kampuni hiyo mwaka 2009. Makadirio ya 2025 yaliishusha hadi kama wati-saa 0.3. Agosti 2025 Google wenyewe walisema swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, akili mnemba yao, hutumia wati-saa 0.24. Kwa kiwango hicho uniti moja inatosha maswali zaidi ya 4,000. Nusu saa ya kupiga pasi ni maswali elfu mbili.

Kwa hiyo mwanafunzi asijione mkosaji kwa kuuliza. Lakini namba ya Google nayo isomwe kwa jicho la pili: ni ya swali la kawaida, la maandishi, iliyotolewa na mwenye duka. Haihusishi umeme uliotumika kuifundisha akili mnemba yenyewe, kazi inayochukua wiki au miezi ya maelfu ya chipu bila kupumzika. Kutengeneza video, au kuiagiza programu "ifikiri" kwa dakika kadhaa na kufanya kazi yenyewe, ni ulaji wa daraja jingine kabisa. Na maswali ni mabilioni.

Kuna pia wanaochanganya haya na Bitcoin. Uchimbaji wa sarafu za kidijitali hula umeme mwingi, lakini IEA haikuuweka kwenye zile bilioni 415. Huo huhesabiwa peke yake. Tofauti yake kubwa ni kwamba mchimbaji wa Bitcoin anaweza kuzima mashine umeme ukipungua na kuziwasha baadaye, na anaweza kwenda kijijini ulipo umeme wa ziada. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilifanya hivyo Luviro, ikitumia umeme wa maji uliokuwa hauna mnunuzi. Hospitali inayotunza kumbukumbu za wagonjwa au benki inayopitisha malipo haiwezi kuambiwa isubiri mvua.

Halafu kuna imani kwamba teknolojia itajitatua yenyewe. Januari 2025 kampuni ya China ya DeepSeek ilionyesha akili mnemba iliyofundishwa kwa gharama ndogo kuliko ilivyozoeleka. Ndani ya siku moja hisa za Nvidia zilishuka kwa asilimia 17, na hisa za kampuni za umeme za Marekani zikaanguka nazo, kwa hofu kwamba umeme mwingi hautahitajika tena. Miezi iliyofuata kampuni zilezile zilitangaza kujenga vituo vingi zaidi. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alilieleza jambo hili mwaka 1865 alipotazama injini za mvuke: zilipoanza kutumia makaa machache kwa kazi ileile, watu walizinunua kwa wingi na makaa yaliyochimbwa yakaongezeka. Kati ya 2010 na 2018 hilo halikutokea kwa vituo vya data, kwa hiyo si sheria ya maumbile. Ila anayetegemea ufanisi peke yake anacheza kamari.

Umeme huliwa mahali

Sasa turudi kwenye lile swali la wapi. Zile bilioni 415 hazikumwagwa sawasawa kama mvua ya masika. Marekani ilichukua asilimia 45, China 25, Ulaya 15. Watu wote wa dunia waliobaki, sisi tukiwemo, tunagawana kilichosalia. Na hata ndani ya Marekani vituo havikutawanyika. Hupenda kukaa pamoja, karibu na mikonga mikuu na karibu na vituo vingine.

Kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia, si mbali na Washington, ndiyo yenye msongamano mkubwa kuliko sehemu yoyote duniani. Mwaka 2023 vituo vya data vilikula takriban robo ya umeme wote wa jimbo hilo. Robo, si asilimia 1.5. Nchini Ireland vilikuwa asilimia 5 ya umeme uliopita kwenye mita mwaka 2015. Mwaka 2024 vilifika asilimia 22, na tayari vimezipita nyumba zote za mijini zikijumlishwa. Kwa miaka kadhaa waendeshaji wa gridi ya huko walilazimika kufunga mlango kwa maombi mapya eneo la Dublin. Mkazi wa Dublin anayelalamika hapingani na takwimu za dunia. Haishi duniani kwa wastani, anaishi Dublin.

Kisa kimoja kinaonyesha kwa nini msongamano ni hatari hata umeme ukiwa wa kutosha. Tarehe 10 Julai 2024 kulitokea hitilafu kwenye laini ya umeme mkubwa kaskazini mwa Virginia. Vituo vya data takriban 60 vilihisi umeme ukiyumba na, kama vilivyopangwa, vikajikata kwenye gridi kwa pamoja na kuhamia kwenye betri na majenereta yake. Megawati 1,500 za matumizi zikatoweka ghafla. Ni karibu theluthi mbili ya umeme ambao Kenya nzima huhitaji saa yake yenye mahitaji makubwa kabisa. Kwa kawaida sisi huogopa mtambo wa kuzalisha ukizimika. Huko aliyezimika alikuwa mteja, na mabwana wa gridi wakawa na umeme uliozidi ambao walilazimika kuupunguza mara moja kabla haujaleta madhara. Walifanikiwa. Gridi ndogo isingekuwa na nafasi hiyo.

Bei nayo hufuata mahali. PJM, msimamizi wa gridi inayohudumia Virginia na majimbo mengine kadhaa, hufanya mnada wa kuwalipa wenye mitambo ili wawe tayari miaka ijayo. Matokeo ya Julai 2024 yaliruka kutoka dola 28.92 hadi 269.92 kwa megawati kwa siku, zaidi ya mara tisa. Kuzimwa kwa mitambo ya zamani na mabadiliko ya kanuni vilichangia, lakini mkaguzi huru wa soko hilo aliwataja wateja wa vituo vya data kuwa sababu kubwa. Gharama hiyo haikai kwa Microsoft au Amazon peke yao. Huingia kwenye bili ya mama mwenye nyumba huko Ohio, mojawapo ya majimbo hayo, ambaye huenda hajawahi kuiuliza akili mnemba chochote.

Chanzo cha mkwamo ni kalenda. Kituo cha data hujengwa kwa miaka miwili mitatu. Laini mpya ya kusafirisha umeme, katika nchi tajiri, huchukua kati ya miaka minne na minane kwa sababu ya vibali, fidia, mashauri mahakamani na foleni ya transfoma. Mwenye haraka hatasubiri. Ndiyo maana Septemba 2024 Microsoft ilisaini mkataba wa miaka 20 ili kinu kimoja cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilichofungwa 2019, kifufuliwe. (Si kile kilichopata ajali maarufu mwaka 1979; ni ndugu yake wa jirani.) Kampuni ya xAI ya Elon Musk huko Memphis haikusubiri hata hicho, ilileta majenereta ya gesi na kuyawasha kando ya kituo, jambo lililozua ugomvi na wakazi kuhusu hewa wanayovuta.

Hapo pia ndipo neno "umeme safi" linapohitaji kuchunguzwa. Kampuni nyingi husema hutumia nishati jadidifu kwa asilimia 100, na kwa hesabu ya mwaka ni kweli: zimenunua uniti nyingi za jua na upepo kama zilizotumia. Lakini uniti ya jua iliyozalishwa Texas mchana haikuendesha seva ya Virginia usiku wa manane. Kwa dunia nzima, makaa ya mawe bado hutoa kama asilimia 30 ya umeme wa vituo vya data, nishati jadidifu 27, gesi asilia 26 na nyuklia 15.

Kwetu je?

Kwa Afrika nzima, vituo vya data vilitumia chini ya uniti moja kwa kila mtu mwaka 2024. Marekani ni kama uniti 540 kwa kila mtu. Bara lenye watu wapatao milioni 600 wasio na umeme kabisa halina sababu ya kuogopa kwamba seva zimeshawanyang'anya. Kinyume chake, kuwa na vituo vyetu kunafupisha safari ya data na kuziweka kumbukumbu zetu chini ya sheria zetu. Napenda vijengwe. Ninachokitilia shaka ni ukubwa unaotangazwa mbele ya kamera.

Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mradi wa dola bilioni 1 unaohusu kituo cha data Olkaria, Naivasha, kitakachoendeshwa kwa jotoardhi. Hatua ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100, na ndoto ya mbele gigawati 1, yaani megawati 1,000. Wengi walishangilia, wengine wakasema Wakenya watalala gizani. Tupige hesabu. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya mwaka 2025 yalivuka megawati 2,300. Megawati 100 ni kama asilimia 4 ya hizo: mzigo mzito lakini unaobebeka ukipangwa. Gigawati moja ni zaidi ya asilimia 40. Hiyo tena siyo kuongeza mteja, ni kujenga nusu ya mfumo mwingine wa umeme pembeni ya uliopo.

Olkaria ina hoja nzuri. Mvuke wa ardhini hautegemei jua wala mvua, na usiku wa manane, Wakenya wakiwa wamelala, sehemu ya mvuke huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Mteja asiyelala angeununua. Shida ni kwamba mteja huyo halali hata saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha taa, televisheni na jiko. Novemba 2024 Ruto mwenyewe alisema kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme ili mengine yapate. Kwa hiyo swali la maana kwa mradi wa aina hii si kama nchi ina umeme wa kutosha kwa mwaka. Ni nani atapunguziwa saa mbili usiku.

Tanzania iko upande wa pili wa mizani kwa sasa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa na uwezo wa megawati 2,115, limeifanya nchi iwe na uwezo wa kuzalisha umeme mwingi kuliko mahitaji yake. Mwekezaji akija atavutiwa. Lakini maji ya mto Rufiji, lilipo bwawa hilo, hayampi laini imara hadi kiwanjani kwake, wala hayazuii mwaka wa ukame, na kituo cha data kikishaunganishwa hakirudishwi kama bidhaa dukani. Joto la pwani nalo si dogo: kupoza seva Dar es Salaam au Mombasa ni gharama kuliko Nairobi au nyanda za juu.

Jambo la mwisho ni ahadi zenyewe, kwa sababu si kila megawati inayotangazwa huja. Mjenzi mmoja anaweza kupeleka maombi ya mradi uleule kwa mashirika matano ya umeme kisha achague moja. Shirika likiyaamini yote, litajenga mitambo na laini kwa ajili ya wateja wanne wa kufikirika, na gharama itabaki kwa wanaonunua uniti 20 kwa mwezi. Sisi tunaijua mikataba ya upande mmoja wa biashara hii: shirika la umma linamlipa mzalishaji binafsi hata mitambo yake ikiwa imezimwa, maadamu ilikuwa tayari. Mwaka 2025 wasimamizi wa umeme jimbo la Ohio waliugeuza mkataba wa namna hiyo umwelekee mteja. Kituo kipya kikubwa cha data kinachotaka kuunganishwa na kampuni ya AEP Ohio lazima kikubali kulipia angalau asilimia 85 ya umeme kilioomba, utumike usitumike, kwa miaka 12. Kabla ya kanuni hiyo, maombi yaliyokuwa mezani kwa kampuni hiyo yalifika megawati 30,000. Wenye vituo walipotakiwa kujifunga kwa masharti hayo, yalibaki 13,000.